Mzee wa Kihispania akipungukiwa usikivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walezi

Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi walioko Marekani wanatunza wazee, majumbani au kwenye makao ya wazee. Katika majimbo kama Arizona, Texas, California na Florida, si ajabu ukabidhiwe mzee ambaye Kihispania ndiyo lugha yake na Kiingereza ni cha kuombea maji. Masikio yakianza kumchezea, matatizo mawili yanashikana: lugha na usikivu. Majibu haya ni ya kukusaidia kuyatenganisha. Hayachukui nafasi ya daktari.

Mzee anasema "oigo, pero no entiendo", nasikia ila sielewi. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na mara nyingi ndivyo upungufu wa usikivu wa uzeeni unavyoanza. Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono, zimo seli zenye vinywele vidogo. Zilizo karibu na mlango, ambazo kazi yake ni kupokea sauti nyembamba, ndizo huchakaa mwanzo. Sauti nene hubaki. Sasa irabu zina nguvu na zimelalia upande wa sauti nene, wakati konsonanti kama s, f, t na ch ni hafifu na nyembamba. Sehemu kubwa ya mlio wa s iko juu ya hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), pale pale palipochakaa.

Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili. Mzee anashika mdundo wa neno na irabu zake zote, anajua fika kwamba ameambiwa kitu, ila konsonanti zimemponyoka. Sesenta ni 60 na setenta ni 70: kinachozitofautisha ni s na t tu katikati. Dos ni mbili, doce ni kumi na mbili. Halafu s ya mwishoni ndiyo inayobeba wingi: la pastilla ni kidonge, las pastillas ni vidonge. Ni kama Mswahili asikie "-idonge" halafu aachiwe kubahatisha iwapo ni kidonge au vidonge.

Jambo moja la pembeni. Watu wa Cuba, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika huilegeza au kuimeza s ya mwishoni wenyewe wanapoongea. Mzee wa Mexico akihudumiwa na muuguzi wa San Juan, Puerto Rico, anaweza kuuliza mara mbili hata kama masikio ni mazima.

Nitajuaje kama tatizo ni masikio, au ni Kiingereza, au ni kusahau?

Anza kwa kumtazama akiwa na watu wa lugha yake. Kama mezani na wanawe, kwa Kihispania, ni mchangamfu na anajibu sawasawa, lakini kwa muuguzi wa Kiingereza anabaki kutabasamu na kusema "yes, yes", hapo lugha ndiyo inayomsumbua. Kama hata kwa Kihispania anajibu swali ambalo hukuuliza, anapandisha televisheni hadi jirani analalamika, anaelewa mtu mmoja lakini watatu wakiongea pamoja anajitoa kwenye mazungumzo, shuku masikio.

Sikiliza neno "¿mande?". Kwa Wameksiko ni namna ya heshima ya kuuliza "unasemaje?" au kuitika unapoitwa. Kwa kuwa ni adabu, familia haioni kwamba baba amelisema mara ishirini kabla ya chakula cha mchana. Lihesabu siku moja.

Kuhusu kusahau: vipimo vingi vya akili hufanywa kwa mdomo. Mzee anasomewa maneno ayakumbuke. Asiposikia neno, hawezi kulikumbuka, na alama inashuka. Kabla ya kipimo kama hicho hakikisha kifaa chake cha kusaidia kusikia, kama anacho, kiko sikioni na kinafanya kazi, na anayepima anatumia Kihispania. Hili linasahaulika mno.

Kuna pia dodoso fupi la maswali 10 linalojulikana kwa herufi HHIE-S, nalo lina toleo la Kihispania. Kila swali linajibiwa ndiyo (alama 4), wakati mwingine (2) au hapana (0). Jumla ya 0 hadi 8 haina wasiwasi mkubwa. Kuanzia 10 mpeleke akapimwe. Dodoso hilo haliulizi anasikia kiasi gani. Linauliza upungufu huo unamharibia maisha kiasi gani, kwa mfano kama anaona haya mbele ya wageni au anaacha kutembelea ndugu.

Ni dalili gani ambazo hazisubiri miadi?

Usikivu uliopotea ghafla, ndani ya saa chache au hadi siku tatu, hasa sikio moja. Hiyo ni dharura: dawa za steroidi hufaa zaidi zikianza mapema, na baada ya wiki mbili nafasi inapungua sana. Mwite daktari siku hiyo hiyo, usikubali kuambiwa "ni nta tu" bila mtu kuchungulia sikio. Wahi pia kama kuna usaha au damu, maumivu makali, kizunguzungu cha ghafla, au uso kulegea upande mmoja.

Tuanzie wapi, na nani analipa?

Anzia kliniki ya kawaida. Mhudumu achungulie masikio yote mawili na atoe nta kama imeziba. Kwa wazee wengine kazi inaishia hapo. Baada ya hapo ni mtaalamu wa usikivu mwenye chumba kisichopenya kelele.

Mzee asiye na bima anaweza kwenda kwenye vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu. Hutoza kulingana na kipato, na havimfukuzi mtu kwa kukosa pesa. Vingi vina wafanyakazi wanaoongea Kihispania.

Medicare ya asili, bima ya serikali kuu ya wazee, hailipii vifaa vya kusaidia kusikia wala upimaji wa kuvifunga. Inalipia upimaji wa uchunguzi daktari akiagiza, na tangu 2023 mzee anaweza kumwona mtaalamu wa usikivu mara moja kila miezi 12 bila agizo la daktari, kwa tatizo lisilo la ghafla na lisilohusu kizunguzungu. Upandikizaji wa kifaa cha koklea ndani ya sikio unalipiwa kwa wanaotimiza vigezo. Mipango mingi ya Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, hulipia sehemu ya vifaa, lakini mara nyingi kwa maduka yao tu, kwa hiyo piga simu kwanza. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hutofautiana jimbo kwa jimbo. Na uliza kama mzee aliwahi kuwa jeshini: maveterani waliosajiliwa kwenye huduma ya afya ya VA, idara ya serikali ya maveterani, hupata vifaa na betri huko, na wazee kadhaa hawajui.

Kwa nini kipimo cha maneno kifanywe kwa Kihispania?

Upimaji una sehemu mbili. Ya kwanza ni milio: anabonyeza kitufe akisikia "tii". Hiyo haina lugha, mradi maelekezo ameyaelewa. Ya pili ni maneno: anasomewa neno, analirudia, na asilimia aliyopata ndiyo inayoonyesha kifaa kitamsaidia kwa kiasi gani.

Orodha za Kiingereza zina maneno ya silabi moja. Kihispania kina machache ya namna hiyo, kwa hiyo orodha zake hutumia ya silabi mbili, kama casa, perro, mesa. Ukimpima mzee wa Sonora, jimbo la Mexico, kwa orodha ya Kiingereza, utakuwa umepima Kiingereza chake. Matokeo yatakuwa mabaya kuliko hali halisi ya masikio, na mtu anaweza kuambiwa kifaa hakitamfaa kumbe kingemfaa. Unapoweka miadi uliza waziwazi: "Mnayo orodha ya maneno ya Kihispania iliyorekodiwa?" Iliyorekodiwa ni bora kuliko kusomewa na mfanyakazi anayebabaika na matamshi.

Mjukuu wake anajua lugha zote mbili. Si atafsiri yeye?

Hapana. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Mtoto asitumiwe kutafsiri isipokuwa ni dharura na hakuna njia nyingine. Nje ya sheria kuna sababu ya kawaida: mbele ya mjukuu, babu hatasema kwamba ameacha kwenda kanisani kwa kuwa hasikii mahubiri.

Kwa mzee mwenye masikio mabovu, mkalimani wa simu ni balaa. Sauti ya simu inakata masafa ya juu, uso hauonekani. Omba mkalimani aliyepo chumbani, au wa video kwenye skrini kubwa yenye spika nzuri. Asiyesikia kabisa aandikiwe kwa Kihispania, ila hakikisha kwanza kwamba anasoma. Wako waliolima tangu wakiwa na miaka saba, na hawatakuambia wenyewe.

Hiyo chati ya mistari inasomwaje?

Inaitwa odiogramu. Kwenda kulia ni wembamba wa sauti, kwa kawaida hezi 250 hadi 8,000. Kwenda chini ni nguvu ya sauti kwa desibeli: alama ikishuka, sauti imehitaji kuongezwa zaidi ndiyo isikike. Duara jekundu ni sikio la kulia, msalaba wa bluu ni la kushoto. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 20 ni kawaida, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 wa kati, 50 hadi chini ya 65 wa kati uliozidi, 65 kwenda juu ni mkubwa. Chati ya uzeeni mara nyingi ni mteremko: juu upande wa kushoto, inaporomoka upande wa kulia. Ukiona mteremko huo sasa unajua kwa nini s ilipotea. Kama sikio moja liko chini sana kuliko jingine, uliza sababu kabla ya kununua chochote.

Vipi vifaa vya kusikia vinavyouzwa dukani bila cheti cha daktari?

Vinaruhusiwa Marekani tangu Oktoba 17, 2022, kwa watu wa miaka 18 na zaidi wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Bei huanzia dola mia chache kwa jozi, wakati vya kufungwa na mtaalamu hufika dola elfu kadhaa. Kwa mzee anayesikia vizuri chumba kikiwa kimya, anaweza kutumia simu ya kisasa na vidole vyake bado ni vyepesi, vinafaa kujaribiwa. Asiyesikia mtu akiongea kwa sauti ya kawaida mita moja mbele yake amepita kiwango cha vifaa hivi.

Tatizo letu kubwa navyo ni lugha: kijitabu cha Kihispania mara nyingine ni kurasa mbili tu, na programu ya simu iko kwa Kiingereza hadi ubadili lugha ya simu nzima. Pia usichanganye na vikuza sauti vya bei ya chini kabisa, vinavyoongeza kila kitu kwa pamoja, pamoja na sahani na honi. Na neno lenyewe ni mtego: audífonos kwa Kihispania ni vifaa vya kusikia na pia ni vipokea sauti vya kusikilizia muziki. Ukimwagiza kijana akanunue "audífonos", usishangae ukiletewa vya muziki.

Wanaoishi mpakani huvuka kununua upande wa Mexico. Kabla ya kulipa, hakikisha kliniki ya nyumbani itakubali kukifungua na kukirekebisha kifaa hicho. Kila chapa ina programu yake ya kompyuta, na asiyekuwa nayo hawezi kugusa kitu.

Wiki za kwanza ziendeje?

Siku ya kufungiwa, omba mambo matatu. Mtaalamu apime sauti ndani ya sikio kwa mrija mwembamba wenye mikrofoni, badala ya kuamini makadirio ya kompyuta. Sauti ya kifaa inayosema "betri imeisha" ibadilishwe iwe ya Kihispania. Na masharti ya kurudisha yaandikwe, siku ngapi na pesa kiasi gani.

Siku tatu za mwanzo avae saa moja au mbili ndani ya nyumba tulivu, akiongea na mtu mmoja. Ongeza saa moja au mbili kila siku, televisheni kwanza, kisha bustani, kisha dukani, na mkusanyiko wa familia uje mwisho. Ndani ya wiki tatu nne avae tangu asubuhi hadi kulala. Kosa la kawaida ni kukivaa mara ya kwanza kwenye sherehe ya watu hamsini, kisha kikarudi kwenye boksi na hakitoki tena.

Mwambie mapema atakayosikia: friji inanguruma, karatasi inachakarisha, sauti yake mwenyewe kama anaongea ndani ya pipa. Ubongo huzoea hayo, lakini maumivu hauyazoei. Kikimuumiza, au sauti za vyombo zikimfanya aruke, arudi kikarekebishwe. Hiyo ni sehemu ya huduma, si usumbufu. Wazee hawa husema "no quiero molestar", sitaki kusumbua, na wanavumilia kifaa kibovu miezi sita.

Kifaa hakitoi sauti, au kinapiga mluzi. Nifanyeje?

Fuata mpangilio huu, na mengi yataisha kabla hujapiga simu kliniki.

1. Kimewaka? Kisichochajiwa: mlango wa betri umefungwa hadi mwisho? Cha kuchaji: taa ya chaja iliwaka usiku?
2. Badilisha betri hata kama "ni mpya".
3. Angalia mwisho unaoingia sikioni. Kichujio cha nta ni kitundu cheupe kidogo kama kichwa cha pini. Kikiwa cha njano au kahawia kimeziba. Kijiti chake kina ncha mbili: moja inang'oa cha zamani, nyingine inabandika kipya.
4. Vua kikofia cha mpira, kifute, tazama kama kimepasuka. Ukikirudisha kivute kidogo uhakikishe kimeshika. Kikofia kilichobaki ndani ya sikio ni kazi ya kliniki, usikivute kwa kibanio.
5. Piga mswaki laini mkavu kwenye matundu ya mikrofoni, kifaa kikiwa kimeelekezwa chini ili uchafu udondoke nje. Usitumie maji wala spiriti.

Mluzi husababishwa na sauti inayovuja na kurudi kwenye mikrofoni. Kibonyeze kidogo kuingia ndani: ukikoma, hakikukaa vizuri au kikofia ni kidogo mno. Usipokoma, sikio lichunguzwe nta. Kupiga mluzi wakati wa kukumbatiana au chini ya kofia ni kawaida.

Kuhusu kulia na kushoto, alama nyekundu ni ya kulia, bluu ya kushoto. Wanaoongea Kiingereza wanakumbuka kwa kuwa maneno yao ya nyekundu na kulia yanaanza na herufi moja. Kwa Kihispania ni rojo na derecho, ujanja huo haupo. Mfanyie wake: tone la rangi ya kucha nyekundu kwenye kifaa, na lingine kwenye upande wa kulia wa boksi.

Arizona wakati wa kiangazi, jasho ndilo adui. Usiku kifaa kiwe ndani ya kopo la kukaushia lenye punje za silika, mbali na bafu, na kamwe kisiachwe ndani ya gari.

Betri zinaisha upesi. Tunaibiwa?

Pengine mnazifungua vibaya. Betri hizi hutumia hewa: ukibandua karatasi yenye rangi, hewa inaingia na kazi inaanza, haisimami tena hata ukiibandika. Bandua, iache wazi dakika mbili hadi tano, ndipo uifunge ndani. Rangi ni za viwanda vyote: njano ni namba 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Ya 10 hukaa siku chache tu, ya 675 huweza kufika wiki mbili au zaidi. Usiku fungua mlango wa betri.

Na zisikae karibu na dawa. Kwa mzee asiyeona vizuri, betri ya 312 ni kama kidonge kidogo. Akimeza, hospitali mara moja, usisubiri itoke.

Niongeeje naye, hasa mimi nisiye na Kihispania kingi?

Hapa Mswahili ana bahati. Irabu zako ni zile zile, na ukisoma neno la Kihispania kama lilivyoandikwa, karibu utaeleweka. Jifunze pekee kwamba h haitamkwi, j ni kama kh ya "kheri", na ll katika Kihispania cha Mexico ni kama y.

Simama mbele yake umbali wa mita moja hadi moja na nusu, mwanga ukiangukia uso wako, usiwe na dirisha mgongoni. Zima televisheni. Mwite kwanza kwa heshima, don au doña na jina lake la kwanza, subiri akutazame, ndipo useme. Tumia usted, tú kwa mzee usiyemzoea ni kama kumsalimia "mambo" badala ya shikamoo. Ongea polepole kidogo, kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele kunazidisha irabu, ambazo tayari anazisikia, na kunakunja mdomo anaousoma. Asipoelewa mara mbili, badilisha maneno. Kurudia sentensi ile ile mara ya nne hakusaidii.

Kwenye dawa usiulize "¿me entendió?", umenielewa? Atasema sí. Muulize: "¿Cuántas pastillas va a tomar en la noche?", usiku utakunywa vidonge vingapi? Jibu lake ndilo kipimo. Namba zitaje tarakimu moja moja: 60 ni "seis, cero", 70 ni "siete, cero". Kisha onyesha kwa vidole na uandike kwa kalamu nene. Ukiwa hapo, kagua lebo: neno la Kiingereza "once", mara moja, kwa Kihispania linasomeka kumi na moja. Mtu amesoma "once" akajiuliza kama kweli anywe vidonge kumi na moja vya shinikizo la damu.

Anakataa kukivaa. Tumlazimishe?

Kulazimisha hakujafaulu. Tafuta sababu kwanza, maana "hapana" moja ina mengi ndani yake: kinauma, hawezi kukiweka kwa vidole vyenye baridi yabisi, anaogopa kukipoteza kwa kuwa watoto walichanga, au anaona haya ya kuitwa sordo, kiziwi. Wengine wamezoea kusema masikio yaliingiwa na hewa mbaya au ni umri tu.

Hayuko peke yake. Utafiti mkubwa wa afya ya Walatino uliofanywa Bronx, Chicago, Miami na San Diego, wenye washiriki zaidi ya 16,000, ulikuta kwamba kati ya wenye umri wa miaka 45 hadi 76 waliopungukiwa usikivu, wanaotumia kifaa hawafiki 5 kwa kila 100. Pesa na bima zinachangia sana.

Kinachovuta ni lengo dogo analolitaka yeye: kumsikia mjukuu kwenye simu Jumapili, kusikia Injili, kucheza domino bila kuuliza. Anza na hilo moja. Familia nayo ifundishwe, kwa sababu mara nyingi mke ndiye anayejibu kwa niaba yake, na mzee akijibiwa kila kitu hana haja ya kusikia.

Kuna mafunzo ya Kihispania?

Mfano mzuri uko Nogales, Arizona, mji unaopakana na Nogales ya Sonora. Chuo Kikuu cha Arizona kwa kushirikiana na kituo cha afya cha Mariposa walianzisha Oyendo Bien, programu ya wiki tano ya vikundi. Inaendeshwa kwa Kihispania na promotoras, wahudumu wa afya wa jamii wanaotoka mitaa hiyo hiyo, na jamaa wa mzee anakaribishwa. Wanafundishana kuomba mtu ageuke, kuchagua kiti penye mwanga, kusema wazi "sisikii vizuri upande huu". Mambo haya hayahitaji kifaa, na kwa asiye na pesa ndiyo yanayoanza. Kama mjini kwenu hakuna, uliza kituo cha afya cha jamii kama wana promotoras.

Simu na televisheni?

Marekani zipo simu zinazoandika maneno ya anayepiga kwenye skrini, bila malipo kwa aliyethibitika kupungukiwa usikivu. Unapojiandikisha chagua maandishi ya Kihispania, la sivyo zitakuja za Kiingereza. Namba 711 inampeleka kwenye huduma ya kupokezana ujumbe kupitia mhudumu wa kati, nayo ina Kihispania. Kwenye televisheni washa maandishi ya chini. Kwenye simu ya Android programu ya kuandika maongezi papo hapo inakubali Kihispania, weka lugha hiyo wewe kabla hujamkabidhi.

Tusafishe masikio na vijiti vya pamba?

Hapana. Vinashindilia nta ndani. Mishumaa ya masikio pia iacheni: haivuti kitu, imechoma watu na kudondosha nta sikioni. Nta ikiwa ngumu, matone ya dukani ya kabamidi peroksidi 6.5%, matone 5 hadi 10 mara mbili kwa siku, yasizidi siku nne. Msiyatumie kama ngoma ya sikio imetoboka, kuna usaha, au aliwahi kupasuliwa sikio. Isipotoka, kliniki.

Kweli kifaa kinazuia kusahau?

Jibu la haki ni: kwa baadhi. Jaribio la ACHIEVE, lililotangazwa 2023, lilifuatilia watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa jumla yao, tofauti haikuonekana. Kwa kundi lililokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kudorora kiakili, waliopewa vifaa na mafunzo walidorora kwa kasi ndogo kwa 48%. Muuzaji akikuahidi zaidi ya hapo, anauza.

Dawa na kisukari vinahusika?

Ndiyo. Wenye kisukari hupungukiwa usikivu zaidi ya wengine. Antibiotiki ya jentamaisini, sisiplatini ya saratani na aspirini ya kiwango kikubwa huweza kudhuru masikio. Furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, pia ikichomwa kwa wingi. Msiache dawa wenyewe. Andikeni siku mvumo wa masikio ulipoanza na dawa gani ilikuwa mpya.

Akilazwa hospitali, kifaa kiende naye?

Kiende, pamoja na chaja au betri, ndani ya boksi gumu lenye jina lake. Kisifungwe kwenye karatasi ya tishu wala kuwekwa juu ya sinia ya chakula. Vingi hupotelea kwenye taka za jikoni na kwenye mashuka. Kivuliwe kabla ya kuingia kwenye mashine ya MRI. Omba ubaoni juu ya kitanda paandikwe: usikivu umepungua, Kihispania, kifaa masikio yote mawili, ongea ukiwa mbele yake.